Nyuma ya Migomba

Juzi mwanangu Brayson aliniita kwa makelele kutoka sebuleni. "Mama! Mama, njoo uone matone ya mvua!" Nilikuwa jikoni namenya ndizi, mikono imejaa utomvu, na mimi nikishika ndizi sipendi kuitwa. Nikaenda na kisu changu mkononi. Kwenye TV gari jekundu lilikuwa linakimbia kwenye mvua na, Mungu anisamehe kwa kusifia upuuzi, yale matone yalikuwa matone kweli. Yalipasuka kwenye kioo, yakatambaa kwenda juu kadiri mwendo ulivyoongezeka, waipa ikayafagia, yakaja mengine. Mawingu yalionekana yakipita kwenye boneti. Brayson akaanza kunimwagia sifa za mashine yake ya gemu, kwamba haigandi hata magari yakijaa, kwamba tope la mlangoni linakauka lenyewe jua likitoka. Mimi wala sikuwa naangalia gari. Pembeni ya barabara kulikuwa na migomba.

"Simamisha," nikamwambia.

"Mama, niko wa kwanza!"

"Nimesema simamisha, mtoto wewe! Nyuma ya hiyo migomba kuna nini?"

Akanitazama kama ninaumwa. "Hakuna kitu, Mama. Hayo ni mapambo tu."

Harufu ya utomvu ikanipanda puani, nikajikuta nimekaa sakafuni na kisu mapajani. Brayson ni mtoto wa mjini, amezaliwa ndizi zinatoka sokoni. Atajuaje? Kwetu Buhaya mgomba hauoti porini kama nyasi. Mgomba una mwenyewe. Ukiona migomba imesimama, ujue katikati yake kuna nyumba, na nyuma ya nyumba kuna makaburi ya waliokaa humo, na hicho ndicho kibanja. Migomba isiyo na nyumba ni mahame, maana yake wenyewe wamekwisha kufa wote au wamefukuzwa.

Sisi tulifukuzwa. Ilikuwa Kishanda, huko Muleba, matanga ya baba yangu, Tata, yakiwa ndiyo kwanza yameanuliwa. Tata aliumwa tumbo, akapelekwa hospitali, akarudi ndani ya sanduku, tukamzika nyuma ya nyumba na kumsimikia msalaba wa mti wenye jina lake, Anselimi. Mimi nilikuwa mtoto wake pekee, na nilikuwa msichana. Siku Baba Mkubwa, kaka yake Tata, alipokuja na wanaume wenye nyundo na mitaimbo, nilimkimbilia kwa furaha, nikapiga magoti kumwamkia kama nilivyofundishwa. Aliniwekea mkono kichwani, akaitikia salamu yangu yote bila kuruka neno. Kisha akanipita akaingia ndani, akalipiga teke sufuria la ndizi na maharage lililokuwa jikoni.

Mama alitoka na mwiko mkononi. "Shemeji, kuna nini?"

"Toka, tunabomoa. Ndugu yangu hakuacha mtoto."

"Na huyu aliyekupigia magoti ni nani?"

"Koku? Huyu ni mgeni hapa. Ataolewa aende zake."

Mama akamchapa mwiko wa uso. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke akimpiga mwanamume, na nadhani hata wale wanaume hawakuwa wameona, maana walisimama kwanza kama watu waliomwagiwa maji. Halafu wakamrukia. Walimpiga ngumi za mgongo na mateke ya nyonga, wakamburuta kwa kitenge chake mpaka kikachanika, na mimi nilimng'ang'ania mmoja mguuni mpaka akanikung'uta nikajibamiza kwenye shina la mgomba. Gauni langu la kanisani likaloa utomvu mgongo mzima. Wengine walikuwa tayari juu ya paa. Mabati yalianza kulia yaking'olewa misumari, na mpaka leo nikisikia fundi anafumua paa mahali, nabadilisha njia.

Tuliondoka kwa njia ya katikati ya migomba, Mama akichechemea na kunivuta, mimi nikienda kinyumenyume ili niione nyumba. Lakini migomba ya Tata ilikuwa imeshiba, majani yakafunga haraka. Ukuta ulipoanguka sikuuona, niliusikia tu, na vumbi likatoka juu ya majani. Mtoto akisikia bila kuona anabaki na nafasi ya kubisha. Mimi nilibisha moyoni mwangu muda mrefu sana. Nilisema, labda umeanguka ukuta mmoja. Labda wamechoka wakaacha.

Tulipokelewa Rwamishenye, Bukoba mjini, na Mjomba Projest, kaka yake Mama. Mjomba hakuwa na mke wala subira, ila alikuwa na kibanda cha gemu mbele ya nyumba: benchi, feni iliyokufa, TV ya chogo yenye mgongo mkubwa, na mashine ya zamani yenye CD ya magari. Wavulana wa Rwamishenye walijaa humo wananuka jasho na karanga. Mama alikaa nyuma ya nyumba, anamenya, anapika, anafua, hasemi. Aliyekuwa anaimba kwaya sasa alikuwa anajibu kwa kichwa. Kucheka ndiyo kabisa, nilikuwa nimesahau meno yake yalivyo.

Mimi nilijibanza pembeni mwa benchi nikitazama. Ukweli lazima usemwe, picha ya mashine ile ilikuwa mbaya. Vilima viliota ghafla mbele ya gari, kama vile vilikuwa vimelala barabarani. Watazamaji walikuwa mabango. Gari likigonga ukuta kwa nguvu zake zote lilitoa "du!" likaendelea bila hata mkwaruzo, jambo lililonikera sana, kwa sababu mimi nilikuwa najua kitu kikigongwa kinakuwaje. Lakini kulikuwa na barabara moja ya udongo mwekundu iliyopanda mlima, na upande wa kulia, baada ya kona, palikuwa na kitu cha kijani chenye majani mapana. Niliinuka.

"Mjomba! Migomba!"

Mjomba Projest alikuwa anafunga waya kwa plasta. Akanitazama, akaona uso wangu, na nadhani akataka kunifurahisha. "Eeh, hujui? Hapo si ndiyo kwenu Kishanda? Ukipanda hicho kilima, ukikata kona, kwenu ni palepale."

Alisema utani, akarudi kwenye waya wake. Mimi nikaupokea kama Injili. Kona ilikuwa kama ya kwetu, udongo ulikuwa wa kwetu, na migomba ilikuwa pale pale ilipopaswa kuwa. Tatizo lilikuwa chogo. Ukisogea karibu, majani yaligeuka vipande vya rangi, na ndani ya vile vipande nyumba ingejulikanaje? Kuanzia siku hiyo nilikuwa na kazi moja tu duniani, kuona nyuma ya ile migomba. Kama nyumba ipo, basi Tata naye yupo pale nyuma amelala vizuri, na siku moja tutarudi. Kama haipo, basi. Sikuwa na la zaidi.

Sasa wavulana wakawa na vita yao. Mtaa wa Nshambya kulikuwa na kibanda kingine chenye mashine ya kisasa zaidi, na kila aliyekwenda kule alirudi amepata wazimu. "Picha kali kule! Gari likigonga linabonyea, kioo kinatoboka, taa inaning'inia!" Evodi, mvulana mkubwa kuliko wote pale, mwenye kucha ndefu na maneno machafu, alikuwa upande wa mwendo. "Picha unakula? Mashine ya Nshambya inaganda kwenye kona! Mimi nataka spidi." Mwingine akamwambia spidi bila picha ni sawa na kukimbia umefumba macho, akala kichwa cha pua hapohapo. Damu ikatiririka kwenye pedi ya kuchezea. Mjomba aliingia na mkanda wa suruali akawacharaza wote bila kuuliza nani kaanza, na kesho yake walirudi kama kawaida, mwenye pua iliyovimba na mwenye kichwa chenye nundu, wamekaa bega kwa bega. Ndivyo tulivyoishi. Sikumbuki jioni hata moja ya kibanda kile isiyokuwa na mtu aliyepigwa.

Wateja walipozidi kuhamia Nshambya, Mjomba akafanya mambo yake anayoyajua na kurudi na boksi. Mashine mpya. Na TV ya flati, pana, nyembamba, ikabandikwa ukutani kwa misumari minene. "Sasa waje," alisema, akipangusa kioo kwa shati lake mwenyewe. "Hii inaonyesha mpaka mbu aliyegonga taa."

Nilimwomba anipe mimi kwanza. Akacheka, akanipa pedi kabla wavulana hawajatoka shule. Nilianza kwa kuligonga gari kwenye ukingo, na kweli, bodi ilibonyea, taa ikapasuka, vipande vya kioo vikamwagika barabarani na kung'aa. Nilifurahi. Hatimaye kitu kilikuwa kinaumia. Nikapanda mlima taratibu, magari mengine yananipita yananipigia honi, nikakata kona.

Mawe, mama yangu! Ilikuwa migomba. Majani yalikuwa yamechanwachanwa na upepo, makavu yananing'inia kwenye mashina kama yasiyopunguliwa, mkungu umeinama na ua lake la zambarau. Jua lilipenya katikati yao likaanguka chini vipandevipande. Nilisimamisha gari, kivuli cha majani kikacheza juu ya boneti. Nikasikia harufu ya utomvu, naapa, ndani ya kile kibanda. Nikageuza usukani niingie. Gari likagota. Nikarudi nyuma, nikakanyaga mafuta, likagota tena, bodi ikabonyea, moshi ukatoka, na mbele ya taa zangu hapakuwa na ukuta wala jiwe, palikuwa na majani tu. Nilijua kuna mtu ananizuia. Nilimjua hata jina: Baba Mkubwa.

Nilikuwa nagota kwa mara sijui ya ngapi Evodi alipoingia. "Khaa! Huyu mtoto anaua gari! Toka huko, tucheze wawili." Akachomeka pedi ya pili.

Sasa mashine zile, kama hujawahi kuzicheza, zilikuwa na tabia moja. Mkicheza wawili, kioo kinagawanywa, juu wewe, chini mwenzio, na mashine inabeba kazi mara mbili. Ili isigande inajipunguzia mizigo. Inaondoa watazamaji, inaondoa vivuli, inaondoa miti. Wavulana walijua na hawakujali. Mimi sikuambiwa. Mbio zikaanza upya, nikapanda kile kilima, nikakata kona, na migomba haikuwepo. Hata shina. Ulikuwa mteremko mtupu wa udongo, laini, na juu yake hapakuwa na nyumba, wala tofali, wala msalaba.

Kwetu ukitaka kumuua mtu bila kumgusa, unafyeka migomba yake. Kila mtoto wa Buhaya anajua. Na aliyechomeka ile pedi alikuwa Evodi.

"Umefyeka!" nikapiga kelele. "Umefyeka migomba yetu!"

"Migomba gani, wewe chizi?"

Akacheka. Nilimrukia kwa meno. Nilimng'ata mkono juu ya kiwiko, nikabana taya mpaka nikasikia nyama inaachia, na alipoanza kunipiga ngumi za kichwa mimi nilizidi kubana. Benchi likaanguka. Pedi ikachomoka. Evodi, mwanaume mzima wa Rwamishenye, alipiga yowe mpaka watu wa duka la jirani wakaja. Mjomba alinitoa kwa kunifinya pua nikose pumzi. Nilitema damu yake sakafuni na nikajaribu kurudi tena.

"Una wazimu?" Mjomba akanitikisa. "Mtoto wa kike unang'ata watu kama mbwa?"

"Ulisema ni kwetu! Ulisema kwetu ni palepale! Nyumba haipo, Mjomba! Amefyeka na nyumba haipo, na Tata hayupo!"

Mjomba akafungua mdomo acheke, halafu akaelewa. Alikaa chini kwenye benchi lililoanguka. Niligeuka nikamwona Mama amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea. Sijui alikuwa amesikia tangu wapi. Alimtazama kaka yake, akatazama TV, ule mteremko mtupu juu na chini, akarudi nyuma ya nyumba. Nilidhani nitapigwa. Badala yake nikasikia sauti ya panga linanolewa kwenye jiwe la kufulia.

Kesho yake asubuhi Mama alinivalisha lile gauni la kanisani, lenye doa la utomvu ambalo halikuwahi kutoka, akalizungushia panga gazeti, tukaenda Muleba. Mjomba alimsihi mpaka kituoni. "Dada, watakuua." Mama akamjibu maneno yake ya kwanza marefu tangu tufike: "Mtoto wangu anatafuta kwao kwenye TV, Projest. Kwenye TV! Bora waniue."

Tulifika Kishanda jua limepanda. Tukakata kona, nikaanza kukimbia, nikasimama. Ilikuwa migomba tu. Mizuri, imepaliliwa, imewekewa nyasi kavu chini, imejaa kuanzia barabarani mpaka nyuma kabisa. Njia yetu haikuwepo. Mahali pa nyumba kulikuwa na migomba michanga, inayong'aa, iliyoota juu ya udongo wa matofali yetu. Ilikuwa sawasawa na kwenye gemu, majani mazuri na nyuma yake hakuna kitu. Nililia kwa hasira, nikamwambia Mama, "Umeona? Hakuna."

Mama akafunua panga. "Kuna," akasema, akaanza kufyeka.

Mgomba ukikatwa hautoi kelele kubwa, unatoa pumzi, halafu unaanguka na majani yake yote. Alikata huku akisema kwa Kihaya mambo ambayo siwezi kuyaandika, juu ya ukoo wote wa shemeji yake na walivyozaliwa. Utomvu ulimrukia usoni. Baba Mkubwa alitokea anakimbia, shati wazi, na fimbo ya kuchungia, akapiga yowe la mwizi kabla hata hajafika. Fimbo ya kwanza ilimpata Mama shingoni. Ya pili mdomoni. Mama alianguka, akainuka, akakata mgomba mwingine mbele ya macho yake, akapigwa tena. Majirani walikuja na mapanga na mawe. Nao walimshika Mama, si yeye! Mwanamke mmoja aliyekuwa akisali na Mama jumuiya moja alimpiga kibao. "Unakata ndizi, Ma Koku? Ndizi? Umekuwa mchawi?"

Wakamlaza chini. Mwanamume mmoja alimkanyaga mkono wenye panga. Mimi nilikuwa nazunguka, natafuta mguu wa kung'ata, na ndipo macho yangu yalipofanya kazi yaliyoizoea kule kibandani, kuchungulia katikati ya majani. Kulikuwa na mgomba uliozidiwa na mkungu mkubwa, umeegemezwa mti usianguke, kama tunavyofanya sote. Lakini mti ule ulikuwa umechongwa vizuri mno. Ulikuwa na kovu la msumari palipong'olewa kipande cha kukingama, na chini yake herufi. Nilizisoma kwa sauti ya shule, silabi kwa silabi, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusoma.

"A-nse-li-mi."

Yule mwanamke wa jumuiya alisogea, akapapasa herufi kwa kidole, akajipiga ishara ya msalaba. "Waitu," alisema taratibu, kwa heshima ya kwetu, akimgeukia Baba Mkubwa, "umemng'oa ndugu yako ukaegemezea ndizi?"

Baba Mkubwa aliinua ile fimbo kidogo, sijui kwa nini, pengine kujikinga. Jiwe la kwanza lilimpata begani. Halafu wakamwendea wote, walewale waliokuwa wamemlaza Mama, na walimpiga kwa mikono na kwa mashina ya migomba iliyokatwa, mazito, yenye maji, yanayotua kwenye mwili kwa sauti ambayo naikumbuka. Alipiga magoti. Mama hakuwazuia. Mimi nilitazama mpaka mwisho, na sitasema kwamba niliogopa.

Wazee wa ukoo walikaa baadaye, wakaamua kibanja kibaki kwa Baba Mkubwa, maana mila ni mila na mimi ni wa kuolewa, ila ukanda wa njia uachwe wazi kutoka barabarani mpaka kwenye kaburi, na pale kaburini pasipandwe kitu. Ndiyo haki tuliyopata. Naipalilia njia ile kila nikienda, kwa panga langu mwenyewe, na wanawe wananiangalia kutoka mlangoni bila kunisalimu.

Lakini siku ile, walipokwisha kumpiga Baba Mkubwa, Mama aliinuka, akaung'oa ule mti. Mgomba uliokuwa umeegemea ukaanguka na mkungu wake, hakuna aliyelalamika. Akafyeka hatua chache mbele, majani yakaanguka, na pale chini kukawa na tuta la udongo lenye mawe pembeni, dogo kuliko nilivyolikumbuka, jua limelimulika lote. Akausimika msalaba usio na mikono, akaukandamiza kwa kisigino. Akanivuta mbele yake, mkono wake umejaa damu na utomvu.

"Unaona?"

"Naona."

"Angalia vizuri, Koku. Unamwona?"

Niliangalia mawe, nyasi, herufi, mpaka sisimizi. Nikamjibu kwa neno kubwa kuliko yote niliyokuwa nayo, lile la wavulana wa Rwamishenye.

"Picha kali, Mama."

Mama akanitazama kama hakunisikia, halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu zilizopigwa, mdomo wazi, na meno yake, niliyokuwa nimeyasahau, yalikuwa mekundu kwa damu.